Huyu Mdudu ni Nani? Mjue Kabla ya Kumwua

Wanavikundi wengi wanaolima pamoja wamekutana na jambo hili. Mmeenda kupalilia shamba la kikundi, mmoja wenu anageuza jani na kupiga kelele: "Njooni mwone mdudu huyu!" Kila mtu anakuja. Mmoja anasema ni mdudu mbaya. Mwingine anasema hajawahi kumwona tangu azaliwe. Wa tatu tayari amemponda kwa kidole. Jioni mweka hazina anaombwa atoe pesa, na kesho yake dawa inanunuliwa.

Lakini hebu tuulize: ni nani amesema kwamba mdudu huyo anakula mboga? Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Mtu akirusha mawe gizani anaweza kumpiga mwizi, na pia anaweza kumpiga jirani aliyekuja kumsaidia. Kunyunyizia dawa mdudu usiyemjua ni hivyo hivyo.

Katika makala hii tutaeleza namna kikundi kinavyoweza kumtambua mdudu mgeni aliyeonekana juu ya jani. Vifaa vyake ni macho, chupa, daftari na subira kidogo.

WADUDU WA SHAMBANI NI WA AINA TATU

Kwanza kuna maadui. Hawa hula majani, hufyonza maji ya mmea au huingia ndani ya shina na matunda.

Pili kuna marafiki. Hawa huwala maadui, au hutaga mayai ndani ya miili yao. Wengine, kama nyuki, huchavusha maua ili tupate maharagwe, maboga na matunda.

Tatu kuna wapita njia. Mdudu amepumzika tu juu ya jani, au anaotea jua. Hana neno na mtu.

Ukiona mdudu juu ya jani, usikimbilie kusema ni adui. Kupatikana kwenye jani si ushahidi kwamba amelila.

TAHADHARI YA KWANZA: USIMSHIKE NA USIMPONDE KWA MKONO

Wengi mnamfahamu yule mdudu anayeitwa nzi wa Nairobi. Kwa kweli si nzi, ni mende mdogo mwembamba, asiyefika sana sentimita moja. Kichwa chake ni cheusi, mwili ni wa rangi ya machungwa, na katikati ana mabawa mafupi ya rangi ya buluu au kijani iliyoiva. Hutokea kwa wingi baada ya mvua kubwa. Baada ya mvua za El Nino za mwaka wa 1997 na 1998 watu wengi hapa Kenya walipata vidonda vya ngozi kwa sababu yake.

Nzi wa Nairobi haumi wala hana mwiba. Sumu yake iko ndani ya mwili, na humwagika anapopondwa juu ya ngozi. Kidonda hakitokei papo hapo; huchukua siku moja hivi. Akikutua, mpulize aende au mwondoe kwa karatasi, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji. Ikiwa umemponda bila kujua, osha upesi, na usipeleke mkono machoni. Na ajabu ni kwamba shambani mdudu huyu ni rafiki, kwani hula wadudu wengine wadogo.

Pia kuna viwavi wenye nywele ndefu ambao huwasha vibaya sana. Kwa hivyo, mdudu usiyemjua mshike kwa kijiti, au kata jani lote pamoja naye. Wafundisheni watoto hivyo pia.

MASWALI SITA YA KUJIULIZA

Chuchumaa karibu na mmea, utulie dakika kumi. Wakati mzuri ni asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali, maana wadudu bado ni wazito. Kisha jiulize:

1. Ana miguu mingapi? Mdudu kamili aliyekomaa ana miguu sita. Akiwa na minane, huyo ni buibui au utitiri. Buibui ni mwindaji, mwache. Utitiri mwekundu, ambaye ni mdogo kama vumbi na hutandika nyuzi nyembamba chini ya majani, ni adui wa nyanya na maharagwe. Kiwavi naye ana miguu sita ya kweli mbele, na nyuma ana vijiguu vinene laini vya kushikilia jani.

2. Ni mtoto au ni mkubwa? Hapa ndipo wengi hukosea. Wadudu wengi wakiwa wadogo hawafanani hata kidogo na mama zao. Kipepeo huanza akiwa kiwavi. Mende huanza akiwa buu. Kwa hivyo "mdudu mgeni" anaweza kuwa mtoto wa mdudu unayemjua miaka yote.

3. Jani limeharibika namna gani? Likiwa na matundu au kingo zimetafunwa, kuna mdudu mwenye meno. Likiwa limejikunja, limekuwa manjano, au linanata kama limepakwa asali, kuna mdudu mfyonzaji. Likiwa na michoro kama ya kalamu, kuna buu anayetembea ndani ya jani. Likiwa zima kabisa, basi huyo mdudu hana kesi.

4. Wako wangapi? Maadui wengi hukaa kwa makundi. Wawindaji mara nyingi hupatikana mmoja mmoja.

5. Anafanya nini? Mla majani hutulia mahali pamoja na kula. Mwindaji hutembeatembea, anapanda na kushuka kama askari wa doria. Hii si sheria ya kila mara, lakini husaidia.

6. Kuna nini karibu yake? Tafuta mayai, ngozi zilizovuliwa, kinyesi, wadudu waliokufa, na siafu au sisimizi. Mdudu hujulikana pia kwa majirani zake.

MFANO WA KWANZA: "MAMBA" MDOGO KWENYE SUKUMA WIKI

Mdudu mmoja anayewatisha watu sana kwenye sukuma wiki ni huyu: ni mrefu kidogo kuliko punje ya mchele, mweusi au wa kijivu, ana madoa ya manjano au machungwa mgongoni, na ngozi yake ina vinundu kama ya mamba. Hana mabawa. Anakimbia juu ya jani. Ukimwona unaweza kuapa kwamba ndiye anayemaliza mboga.

Kumbe huyo ni mtoto wa mdudu kibibi, yule mdudu wa mviringo kama nusu ya punje ya kunde, mwenye mgongo unaong'aa, mwekundu au wa machungwa, na alama nyeusi. Watoto hupenda kumtembeza kidoleni. Mama na mtoto wote wawili hula vidukari, wale wadudu wadogo laini wa kijani, weusi au wa kijivu kama wamemwagiwa unga, ambao hujazana chini ya majani ya kabeji na sukuma wiki na kufyonza. Mdudu kibibi mmoja anaweza kula makumi ya vidukari kwa siku.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana pesa za kikundi ziko hapa.

Kidukari hahitaji dume ili azae. Huzaa watoto wazima, si mayai, na katika joto mtoto huyo huanza kuzaa akiwa na wiki moja hivi. Mdudu kibibi hutaga mayai ya manjano, yaliyosimama wima pamoja kama risasi ndogo. Mayai huangua mabuu, mabuu hukua, kisha hujibandika kwenye jani na kulala bila kusogea, ndipo mdudu kamili anatoka. Safari hiyo yote huchukua karibu wiki tatu hadi nne.

Basi kikundi kikinyunyiza dawa kali inayoua kila kitu, siku hiyo vidukari hufa na marafiki hufa. Lakini daima vidukari wachache hubaki, wamejificha kwenye majani yaliyojikunja. Wiki moja baadaye wameanza kuzaa tena, na hakuna mtu wa kuwala. Wiki ya pili shamba limejaa kuliko mwanzo. Kikundi kinasema, "Dawa hii ni hafifu, tununue kali zaidi." Si dawa iliyo hafifu. Ni askari wetu tuliowaua wenyewe. Na wakati huo mboga zenye dawa zinapelekwa sokoni na jikoni, zikaliwe na watoto.

Kuna marafiki wengine wa vidukari hao mnaoweza kuwaona:

- Mayai madogo yaliyoning'inia kila moja kwenye uzi wake mwembamba kama unywele. Si ukungu. Ni mayai ya mdudu mwenye mabawa ya kijani ya kuonyesha, na watoto wake ni walaji wakubwa wa vidukari.
- Buu asiye na miguu, laini, wa kijani au rangi ya maziwa, analala katikati ya vidukari na kuwafyonza. Ni mtoto wa nzi mwenye mistari kama nyuki, anayesimama hewani mbele ya maua.
- Vidukari waliovimba, wakawa rangi ya kaki na wakavu kama karatasi. Hao wamekufa. Ndani yao kuna nyigu mdogo sana anayekua. Ukiwaona wengi, tulia, kazi inafanywa.

Na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mmea wenye vidukari, ujue wanafuata ule utomvu mtamu. Wanawalinda vidukari kama mchungaji na ng'ombe wake, na huwafukuza marafiki wetu.

Mfanye nini basi? Vunjeni majani yaliyojaa sana na kuyafukia. Nyunyizieni maji kwa nguvu chini ya majani. Mkitaka, changanyeni kijiko kidogo kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, mjaribu kwanza kwenye mimea michache, na mnyunyize jioni pale tu penye vidukari. Mahali ambapo mdudu kibibi na watoto wake ni wengi, wapeni wiki moja muone.

Lakini ngoja kidogo: si kila mdudu kibibi ni rafiki. Kuna jamaa yake anayekula majani ya viazi, maharagwe na maboga. Utamjuaje? Mgongo wake haung'ai. Una nywele fupi fupi kama kitambaa cha blanketi. Watoto wake ni wa manjano na wamejaa miiba. Na jani analokula hubaki kama wavu, nyama imeisha na mishipa imebaki. Huyo okoteni mumtie kwenye maji ya sabuni. Mnaona sasa kwa nini tunasema tazameni kwa makini? Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja mlinzi, mmoja mwizi.

MFANO WA PILI: KIWAVI NDANI YA MAHINDI

Kuna wageni wa kweli pia. Kiwavi jeshi vamizi asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016 upande wa magharibi wa bara, na mwaka wa 2017 alithibitishwa hapa Kenya, akaanza kuharibu mahindi katika sehemu za magharibi ya nchi. Wakulima wengi walidhani ni yule funza wa mashina wa zamani, wakatumia mbinu za zamani na kuchelewa. Kumtambua mapema kungeokoa mahindi mengi.

Mtazame hivi, na kioo cha kukuza kikiwepo ni vizuri zaidi:

- Kichwani mbele ana alama ya rangi nyepesi kama herufi Y iliyopinduliwa, miguu juu ikawa chini.
- Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa meusi manne yaliyopangwa kama pembe nne za meza.

Tafuteni alama zote mbili. Viwavi wengine wanaweza kuwa na kitu kinachofanana na Y, lakini alama ya kichwani pamoja na meza ile ya madoa manne humtambulisha huyu.

Kisha angalieni mmea. Kiwavi vamizi akiwa mchanga hukwangua jani likabaki na madirisha ya kuonyesha mwanga. Akikua hutoboa matundu makubwa yaliyochanika, na ndani ya moyo wa mhindi huacha kinyesi kingi kama unga wa mbao. Mayai yake huwekwa kwa fungu moja, mia moja hadi mia mbili, yamefunikwa kama sufi. Nondo mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai elfu moja maishani mwake.

Funza wa mashina naye huacha safu ya matundu madogo kwenye jani, kisha huingia ndani ya shina, na moyo wa mhindi hukauka ukang'oka ukiuvuta. Yule kiwavi jeshi wa zamani huja kwa maelfu, mweusi mwenye mistari, na husafiri kama jeshi toka shamba hadi shamba. Watatu hawa hawatibiwi kwa njia moja, ndiyo maana lazima kuwatofautisha.

Kwa kiwavi vamizi, kagueni mahindi mara mbili kwa wiki tangu yanapoota. Pondeni mayai kwa kijiti. Okoteni viwavi, hasa asubuhi au jioni. Wakulima wengi hutia mchanga au jivu ndani ya moyo wa mhindi. Akishaingia ndani na kukua, hata dawa haimfikii vizuri, na hapo pesa zinamwagika bure.

Mkiona kiwavi amedhoofika na juu yake au kando yake kuna vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele, msimponde. Hivyo si mayai yake. Ni vifuko vya nyigu wadogo waliokulia ndani ya mwili wake. Nyigu wa namna hii wana historia hapa kwetu. Mwaka wa 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha Nairobi mwaka wa 1970, kiliwaachilia nyigu kutoka Asia katika mahindi ya Pwani ili wapigane na funza wa mashina mgeni kutoka huko huko Asia. Nyigu hao walikaa, wakazaana na kuenea.

CHUPA YA KIKUNDI

Ikiwa mmeuliza maswali yote sita na bado hamjui, mlaleni mdudu mahabusu! Chukueni chupa ya jemu au kopo la plastiki la kuonyesha. Funikeni mdomo wake kwa kipande cha neti na mpira. Wekeni ndani karatasi kavu, mdudu, na jani mlilomkuta nalo. Wekeni pia tawi lenye vidukari. Wekeni chupa kivulini, mbadilishe jani kila siku.

Baada ya siku moja au mbili mtaona nani ameliwa: jani au vidukari. Hiyo ndiyo hukumu. Mkimtunza kwa wiki mbili au tatu huenda mtamwona akigeuka kuwa kipepeo, nondo, mende, au mtaona nyigu wanatoka badala yake. Hakuna somo la darasani linaloshinda hilo, na watoto watalipenda.

Katibu aandike kwenye daftari: tarehe, shamba la nani, mmea gani, upande gani wa jani, wadudu wangapi, na mimea mingapi katika kila kumi ina dalili. Baada ya misimu miwili daftari hilo litawaambia mdudu gani huja mwezi gani.

MKISHINDWA, ULIZENI

Tangu mwaka wa 2013 kazi ya kilimo mashinani iko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo anzeni na ofisi ya kilimo ya wadi yenu. Katika masoko mengine kumekuwa na kliniki za mimea, ambapo mkulima huleta mmea mgonjwa kama vile mama anavyompeleka mtoto zahanati. Ulizeni kama ipo karibu nanyi. KALRO na KEPHIS ni taasisi za serikali zinazohusika na utafiti na afya ya mimea, na mdudu mgeni kabisa wanataka kumjua mapema.

Msiende mikono mitupu. Funga jani ndani ya gazeti, si mfuko wa plastiki, maana ndani ya plastiki huoza. Pelekeni mdudu mmoja hai ndani ya chupa, na mwingine ndani ya spiriti kidogo. Mwenye simu apige picha tatu: mdudu kutoka juu, mdudu kutoka ubavuni, na jani lote pamoja na mmea. Wekeni sarafu ya shilingi kando yake ili ukubwa ujulikane. "Tumeona mdudu mweusi" haitoshi, kwani weusi ni wengi.

Na ikiwa mwishowe mmeshauriwa kutumia dawa, nunueni ile iliyotajwa kwa mdudu huyo na mmea huo. Soma karatasi ya chupa: rangi nyekundu chini yake ni sumu kali kabisa. Angalia siku za kungoja kabla ya kuvuna, na mzingoje kweli, hata kama mteja amefika na pesa mkononi.

YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Msimu uliopita tulitumia pesa ngapi kununua dawa? Tulijua jina la mdudu kila mara?
2. Ni wadudu gani tumekuwa tukiwaua ambao huenda ni marafiki?
3. Nani atatunza chupa, na nani atatunza daftari?

Kazi ya wiki hii: kabla ya mkutano ujao kila mwanachama ageuze majani kumi katika shamba lake, alete mdudu mmoja asiyemjua, ndani ya chupa, akiwa hai. Mkae pamoja mwulize maswali yale sita. Wazee waulizwe majina ya wadudu hao kwa lugha ya mama, maana wengi wanayajua, na majina hayo yaandikwe pia kwenye daftari kabla hayajasahaulika.